Kuoga Kabla ya Kuwa Wakwe

Kila aliyeniona nikichechemea baada ya kurudi Nakuru aliniuliza kilichotokea, na kila mmoja nilimpa uongo wake. Jirani nilimwambia ni baridi yabisi. Wenzangu kazini niliwaambia nilikuwa nikicheza mpira. Wakanitazama tumboni, wakanyamaza kwa adabu. Sasa uongo umekuwa mwingi hata sikumbuki nani anaamini nini. Basi naandika ukweli mara moja, kila mtu asome mwenyewe.

Ukweli ni kwamba nilikwenda kuona maporomoko ya maji. Kutoka barabarani hadi majini ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mwenye afya. Sisi tulitumia karibu saa tano.

Ombati mnamfahamu, au angalau mmenisikia nikimsema. Tulikaa chumba kimoja chuo kikuu, na tangu wakati huo, miaka thelathini sasa, hatujawahi kuambiana neno jema ana kwa ana. Yeye huniita Profesa kwa sababu sikupata kuwa profesa. Mimi humwambia kwamba nywele zilimhama kichwani kwa kukosa jirani wa kuzungumza naye. Hivyo ndivyo tunavyopendana. Mwaka huu binti yangu Kemunto na mwanawe Momanyi wakatuketisha, kila mmoja baba yake, wakatuarifu kwamba wanataka kuoana. Walikuwa wametuficha miaka miwili, wakati sisi tuko kwenye simu tukitukanana.

Kwetu Gusii jambo hilo lina uzito wake. Wazazi wa pande mbili wakishakuwa wakwe, huingia kati yao ensoni, ile haya ya heshima: hakuna mzaha, hakuna tusi, hakuna kuonana mwili wazi, na kicheko chenyewe hupimwa. Watu wa Ombati walikuwa waje kwangu Suneka siku ya Jumapili kuzungumza rasmi. Jumamosi yeye hatoki, ni Msabato, na ni mzee wa kanisa. Sabato yenyewe huingia Ijumaa jua likitua. Kwa hiyo tulibakiwa na Ijumaa moja ya kuwa watani, na Ombati akanikumbusha kwamba tangu chuoni ananiahidi kunipeleka kuoga kwenye maporomoko yaliyo chini ya kwao, Sironga.

"Njoo tuoge, Profesa," aliniambia kwa simu. "Kuanzia Jumapili nitakuwa nakutazama viatu tu."

Suneka hadi Kisii mjini

Nilitoka nyumbani mapema nikiwa nimevaa suruali ya mifuko minane, ambayo sikuwa na kitu cha kutia hata katika mfuko wa tatu, na viatu vya kupandia milima nilivyovinunua Nakuru kwa ajili ya safari hii. Mke wangu Kerubo alinisubiri langoni na kikapu: sukari kilo mbili, mkate na chupa ya mafuta ya kupikia. Akasema siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikapokea, kwa kuwa mabishano na Kerubo huanza saa moja asubuhi na huisha apendapo yeye.

Nilipofika Kisii ndipo kikapu kilipoanza kunitia wasiwasi. Zawadi inayotoka katika nyumba ya msichana kwenda nyumba ya mvulana, siku mbili kabla ya mazungumzo, ni zawadi gani hiyo? Nikikivusha kikapu hiki kwenye lango la Ombati, si nitakuwa nimeshafungua ukwe kwa mkono wangu mwenyewe, hata kabla ya kulowa?

Nilisimama nikiwaza hayo mbele ya mama mmoja auzaye gambuti, viatu virefu vya mpira, karibu na soko. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda.

"Baba, hivyo vinaenda wapi?"

Nikamwambia vinaenda maporomoko, Nyamira. Akasema hivyo ni vya kutembea juu ya sakafu, nichukue gambuti. Nikamweleza kwa kirefu jinsi soli zake zilivyotengenezwa. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Kisha nikamwomba anihifadhie kikapu mpaka jioni, na kwa kuwa alitaka kujua sababu, nikamsimulia habari yote ya ukwe.

"Nyinyi ni wakwe tangu watoto walipoangaliana," akasema. "Mmechelewa. Lakini kikapu lete tu."

Jioni nilipopita alikuwa ameshafunga biashara. Sijakiona kikapu tena, na Kerubo anaamini mpaka leo kwamba kilifika. Hili ndilo jambo la pili ninaloungama katika maandishi haya.

Kisii hadi Sironga

Gari dogo lililokuwa likienda Nyamira lilikosa abiria mmoja, na dereva alikataa kuondoka bila huyo mmoja. Tulikaa ndani tukimngoja kama jamaa wanaomngoja maiti hospitalini. Kando yangu alikuwa Mama Akinyi, mfanyabiashara wa samaki kutoka upande wa ziwa, ambaye ameuza omena Sironga miaka mingi hivi kwamba Ekegusii chake kinakishinda cha watoto wangu. Hata kabla abiria wa mwisho hajapatikana, alikuwa ameshanitoa siri yote. Kumbe alikuwa nayo tayari. Ombati, ambaye huko kwao huitwa Mwalimu, ni mteja wake.

"Kwa hivyo wewe ndio baba ya msichana," akasema, akinipima. "Mwalimu alisema una tumbo. Hakudanganya."

Nikamuuliza yeye, kama mtu wa nje asiyeelemea upande wowote, ukwe huanza lini. Akasema hata kwao mambo hayo yapo, na yanaanza na chakula. Watu wanaweza kuongea mwaka mzima na wasiwe kitu. Lakini siku utakapokula kwa nyumba yao, kwa sahani yao, ukiwa unajua umeenda kwa nini, hapo umekwisha.

"Na nikinywa chai tu?"

Alifikiri. "Chai bila kitu cha kutafuna, labda."

Niliamua papo hapo kwamba siku hiyo sitakula chochote mpaka nitoke majini. Ilikuwa saa nne. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai kavu kwa haraka ya kumkwepa Kerubo, ingawa sikumkwepa.

Sironga: kupita nyuma ya chai

Ombati alikuwa akinisubiri njia panda, amevaa gambuti, taulo shingoni.

"Nilifikiri ni mama mjamzito anashuka," akasema. "Nikawa natafuta machela."

Nikamjibu kwamba nilimtambua kutoka mbali kwa mwanga wa kichwa chake, na kwamba dereva alipunguza mwendo akidhani kuna gari linakuja. Tukashikana mikono kwa furaha kubwa. Nilimwambia hukumu ya Mama Akinyi kuhusu chakula, naye akakubaliana nayo mara moja, maana mkewe Nyaboke alikuwa amechinja jogoo tangu alfajiri na alikuwa akitutazamia. Tukipita nyumbani tungekalishwa. Tukikalishwa tungelishwa. Njia pekee ilikuwa kulizunguka boma lake kwa nyuma, katikati ya chai yake mwenyewe.

Kwa wasioijua, michai iliyotunzwa vizuri hufika kiunoni. Ili wanaume wawili wenye umri wetu wasionekane kutoka jikoni, lazima wainame. Tuliinama. Tulienda hivyo mstari mzima, Ombati mbele, mimi nyuma nikipumua kama pampu, na tulipoinua vichwa tukajikuta mbele ya wanawake wanne wenye vikapu mgongoni, wanachuma. Walikuwa wameacha kazi kututazama.

"Mwalimu," mmoja wao akauliza, "huyo ndio mkwe?"

Ombati hakusita hata kidogo, jambo ambalo kwa mzee wa kanisa linapaswa kuchunguzwa. Alisema mimi ni afisa wa kilimo, nimekuja kukagua mizizi.

Hapo tukapoteza saa nzima. Wanawake wale walikuwa wameomba afisa wa kilimo kwa muda mrefu bila kumwona, na sasa Mungu amewaletea mmoja aliyeinama tayari. Mmoja alinionyesha majani yenye madoa. Mwingine alitaka kujua kwa nini upande wa juu unakua polepole kuliko wa chini. Mimi nilisomea fasihi. Nilikamata jani, nikaligeuza, nikalinusa, nikasema tatizo ni la muda mrefu na linahitaji subira. Wakaitikia kwa vichwa. Nikasema udongo una historia yake. Ombati alikuwa ameuma taulo ili asicheke. Mwishowe mama mkubwa kati yao, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa upole kwamba afisa amesema maneno mengi mazuri, na je, mkwe atapenda kupumzika nyumbani kwa Nyaboke au ataendelea?

Walikuwa wakijua tangu mwanzo. Tuliwasikia wakicheka mpaka tulipofika bonde la kwanza.

Kwa shangazi Moraa

Njia ya kwenda mtoni hupita katikati ya boma la shangazi yake Ombati, dada ya marehemu baba yake. Hakuna njia nyingine ila ukiwa mbuzi. Ombati alinihakikishia kwamba saa hizo hulala.

Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi nje akipepeta wimbi, mwanamke mdogo wa umbo, miaka themanini na kitu, mwenye macho ya mkaguzi wa mitihani. Nilinyoosha mkono kumwamkia. Akaurudisha wake mgongoni, akaniamkia kwa mbali, akiangalia pembeni.

"Shangazi, huyu ni rafiki yangu wa chuo," Ombati akaanza.

"Alikuwa," shangazi akasema.

Akamuuliza taulo ni ya nini. Ombati akasema tunaenda kuoga. Ungo ukawekwa chini. Alizungumza kwa Ekegusii kwa kasi, kisha kwa heshima yangu, kana kwamba mimi si mtu wa Suneka bali ni mgeni wa taifa, akarudia kwa Kiswahili.

"Baba ya msichana na baba ya kijana waingie maji moja? Mimi nikiwa hai?"

Tulijitetea. Ombati akasema mazungumzo ni Jumapili. Mimi nikasema hakuna hata ng'ombe mmoja aliyevuka lango. Alitusikiliza wote wawili mpaka tukaishiwa.

"Ng'ombe ndio anajua nani ni mkwe? Wewe mwenyewe unajua. Kama hujui, kwa nini mlipita nyuma ya chai kama wezi?"



Kisha akaingia jikoni, akatoka na sahani. Ugali wa wimbi, mweusi, ukifuka moshi. Saga, ile mboga ya mgagani, iliyopikwa kwa maziwa tangu jana yake mpaka uchungu ukageuka kuwa kitu kingine kisicho na jina. Maziwa mala kwenye kibuyu. Akaviweka kwenye stuli mbele yangu, si mbele ya Ombati, akarudi kwenye wimbi lake bila kuniambia kula.

Ilikuwa saa tisa. Ombati alinitazama. Macho yake yalisema kila kitu: tukiondoka sasa, bila kugusa, bado kuna hoja. Tutakuwa tumekosa adabu lakini bado tutakuwa watani. Nami nikamtazama. Nikaitazama saga.

Ningependa kuandika kwamba nilipambana. Nilimega tonge la kwanza nikijiambia ni la kuonja. La tatu sikujiambia kitu. Nilipoinua kichwa sahani ilikuwa nyeupe, na Ombati alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, akiangalia viatu vyangu.

"Karibu tena, mkwe," shangazi akaniambia.

Kuteremka mtoni

Kutoka kwa shangazi mteremko ni mkali, udongo mwekundu, na wingu lilikuwa limeanza kutudondoshea. Nilijaribu kuuwasha moto uliozimika: nikasema hata mbuzi wa hapa wana nywele kumshinda yeye. Ombati akasema ndiyo, ni mbuzi wazuri. Nikasema gambuti zake zinafanana na za mtu aliyefukuzwa kazi ya kuchimba vyoo. Akasema asante, zimemsaidia sana.

Mnielewe. Mtu huyu aliwahi kunitukana siku ya harusi yangu, mbele ya padri. Alinitukana nikiwa kitandani na malaria, nikapona kwa hasira. Sasa alikuwa akinijibu kama karani wa serikali.

Ndipo viatu vya Nakuru vilipoonyesha asili yao. Mguu wa kulia ulikwenda mbele, wa kushoto ukabaki kushauriana, na mimi nikashuka hatua kumi hivi kwa makalio, nikasimamishwa na shina la mti lililonipokea gotini. Nililala pale kwenye tope nikisubiri. Nilijua atasema nini: kwamba mlima umesogea, kwamba waite trekta. Nilitamani kuyasikia kuliko nilivyotamani kuinuliwa.

Ombati alikuja mbio. Alinyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Akavunja tawi, akanielekezea ncha moja.

"Mheshimiwa," akasema, "umeumia?"

Goti lilikuwa limevimba tayari. Lakini hilo neno ndilo lililoniuma.

Majini

Maporomoko yenyewe ni mazuri, nami nimechelewa kuyafikia hata katika maandishi. Mto unatokea katikati ya migomba, hauna dalili yoyote ya ukali, kisha ardhi inaisha na maji yanajirusha chini kwa urefu wa minazi miwili hivi, yakiwa meupe, yakipiga kelele inayokuingia kifuani. Chini kuna bwawa, na katikati ya bwawa kuna mwamba mkubwa mweusi, mpana kama lori, unaoligawa kushoto na kulia.

Tulisimama ukingoni, mvua nyepesi ikitunyeshea. Jua lilikuwa limeshaegemea, na yeye alipaswa kuwa nyumbani kabla halijatua. Nikasema basi, tumeyaona, turudi. Nilisema hivyo kwa goti na kwa huzuni.

Ombati aliutazama ule mwamba kwa muda mrefu. Alifundisha hesabu miaka ishirini na saba, na nilimwona akipiga hesabu.

"Shangazi alisema mkwe asiingie maji moja na mkwe," akasema. "Hayo ni maji mawili."

Akashika upande wa kushoto. Mimi nikachechemea kulia. Nilivua suruali yangu ya mifuko minane nyuma ya jiwe, nikaingia. Maji yalikuwa baridi kiasi kwamba nilitoa sauti nisiyoijua. Mwamba ulikuwa kati yetu, maji yakinguruma juu yetu, sikuweza kumwona wala kumsikia. Sikuweza kujisikia mwenyewe.

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa amepiga hesabu.

Nilianza kupayuka. Nilimwambia kuhusu upara, nikamwambia kuhusu Kiingereza chake cha mwaka wa kwanza, nikamwambia kuhusu ile suti ya kijani. Nilitumia matusi yote niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya uzee wetu. Yakaisha upesi kuliko nilivyodhani. Mdomo ukaendelea. Nikamwambia kwamba baba alipofariki na yeye akatembea kutoka stendi usiku kucha kwa kuwa hakukuwa na gari, akafika na kunitukana mlangoni kwa sababu nilikuwa sijala, sikuwahi kumshukuru. Nikamshukuru. Nikamwambia kama Kemunto ilibidi aende kwa watu, nafurahi ni kwake. Niliyasema hayo kwa sauti ya mnada, uchi, mguu mmoja ukielea, na maji yakayachukua yote.

Niliponyamaza kuvuta pumzi niliona kitu juu ya mwamba. Ulikuwa mkono wa Ombati, kidole kimoja kimenyooka, ukipanda na kushuka jinsi anavyofanya akimkosoa mwanafunzi. Naye alikuwa akisema. Kidole kilipiga, kikapiga. Kisha kikakunjwa, mkono ukalala wazi juu ya jiwe, na ukabaki hapo muda mrefu, huku mwenyewe bado anasema.

Kurudi

Tulipanda tukiwa tumeshika lile tawi, yeye ncha moja, mimi nyingine. Tulifika kwa Nyaboke jua likiwa limebakiza kidole. Nilipewa kiti chenye kitambaa kipya na paja la jogoo, na Ombati akaomba sala ya kuipokea Sabato, akimshukuru Mungu kwa ajili ya mgeni wetu mheshimiwa. Baadaye kijana wa jirani alinisindikiza kwa pikipiki hadi barabarani.

Jumapili walikuja Suneka, watu kumi na wawili, wamevaa suti. Ombati alizungumza kupitia msemaji wao, nami nikajibu kupitia wetu, ingawa kila mmoja wetu alikuwa ameketi hatua nne tu kutoka kwa mwenzake. Kila mtu alisifu utulivu wetu. Tulikubaliana kila jambo kabla ya chai ya pili.

Sijui aliniambia nini kule nyuma ya mwamba. Najua tu kwamba yalichukua muda mrefu kuliko matusi yanavyoweza kuchukua, na kwamba siwezi kumuuliza, kwa kuwa mkwe haulizwi mambo ya namna hiyo.

Wageni walipokwisha kuondoka, Kemunto alikuja kuketi kando yangu akikusanya vikombe. Alionekana ametulia, kama mtu aliyevuka salama.

"Baba," akasema, "mzee wa Momanyi ni mpole sana. Hana maneno mengi, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo, hivyo ndivyo alivyo.